Mwanafunzi akisema amechoka kuishi, chuo kinamtibu au kinamwondoa? Yajue haya kabla hujasaini likizo ya ugonjwa, hasa mlioko Marekani

Mwanzisha uzi

Habari za wakati huu wakuu.

Uzi huu nawaandikia vijana wetu walioko vyuo vya Marekani, pamoja na wazazi waliobaki nyumbani wakiwatumia ada na dua. Nimeishi huku miaka mingi, na nilipokuwa nasoma shahada ya pili nilifanya kazi ya ulezi wa bweni, kwa hiyo sehemu ya haya nimeyaona kwa ndani. Kijana akishikwa na sonona huambiwa kila kona "usikae nalo, kazungumze na mtu". Ushauri huo ni sahihi na naurudia mimi pia. Lakini nani anamweleza kinachofuata baada ya kuzungumza? Ripoti inakwenda kwa nani, kamati gani inakaa, karatasi gani atawekewa mezani asaini, na akishasaini anapoteza nini? Mtu ambaye hajalala siku kadhaa akiwekewa karatasi mbele yake anasaini tu.

Nianze na kesi zilizotokea, kwa sababu kanuni za leo zimezaliwa humo.

Oktoba 2004, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa George Washington University alikuwa na sonona. Miezi michache nyuma rafiki yake alikuwa amejiua. Usiku mmoja akaona hali inamzidi, akaenda mwenyewe hospitali. Hakuwa amejaribu kujidhuru, alikwenda kuomba msaada. Ndani ya siku moja, akiwa bado amelazwa, alipokea barua ya chuo: haruhusiwi kurudi bwenini. Ikafuata ya kumshtaki kinidhamu, kwamba mwenendo wake unahatarisha usalama. Kijana akahamia chuo kingine, mwaka 2005 akafungua kesi, na 2006 wakamalizana nje ya mahakama.

Mwaka huohuo wa 2004, mwanafunzi wa Hunter College, New York, alijaribu kujiua, kisha akapiga mwenyewe simu ya dharura na kuokolewa. Aliporudi kutoka hospitali alikuta kitasa cha chumba chake kimebadilishwa. Mkataba wa bweni ulikuwa unasema hivyo waziwazi: ukijaribu kujiua, unaondoka. Naye alishtaki. Mwaka 2006 chuo kilimlipa dola 65,000 na kuiacha sera hiyo.

Kwa nini chuo kimfanyie hivyo mtu aliyejipeleka hospitali au aliyejiita gari la wagonjwa? Jibu kubwa ni woga wa kushtakiwa. Aprili 2000, Elizabeth Shin, mwanafunzi wa MIT, alifariki, na wazazi wake wakadai zaidi ya dola milioni 27. Mwaka 2005 jaji wa Massachusetts aliruhusu madai dhidi ya baadhi ya watawala wa chuo, si madaktari peke yao, yaendelee. Ilimalizwa kwa makubaliano 2006, lakini wanasheria wa vyuo nchi nzima walikuwa wameshausoma uamuzi ule. Wakawaza: mwanafunzi akifia mikononi mwetu, tutaulizwa sisi. Basi ikaonekana njia salama ni kuhakikisha hayumo mikononi mwetu.

Kisha ikaja tarehe 16 Aprili 2007, Virginia Tech. Mwanafunzi mmoja aliua watu 32. Walimu wake walikuwa wameshaingiwa na wasiwasi naye, mahakama ilikuwa imeshaagiza atibiwe, lakini kila ofisi ilikuwa na kipande chake cha habari na hakuna aliyeviunganisha. Tangu hapo vyuo vingi vilianzisha kamati za kutathmini hatari. Jimbo la Virginia lilifanya jambo ambalo nadhani lilikuwa la busara sana: mwaka uleule, wiki chache kabla ya msiba, lilikuwa limepitisha kwa vyuo vya umma sheria ya kutomwadhibu wala kumfukuza mwanafunzi kwa sababu tu amejaribu kujiua au ametafuta matibabu ya akili. Yaani walikuwa wameshatenganisha mtu anayetishia wenzake na mtu anayeumia.

Kwingine utengano huo haukushika. Kamati ileile inayojadili mtu aliyetishia kuja na bunduki ndiyo inayojadili binti aliyeandika kwenye insha yake kwamba haoni sababu ya kuendelea. Majina ya kamati hutofautiana, wajumbe ni walewale: ofisi ya mshauri wa wanafunzi (dean), idara ya mabweni, polisi wa chuo, mtu wa ushauri nasaha, wakati mwingine mwanasheria. Ripoti hutoka kwa mwalimu, kwa mnayeishi naye chumba kimoja, kwa mtu aliyeona ulichoandika mtandaoni, na kwa mlezi wa bweni.

Hapo kwa mlezi naomba mtulie. Mimi nilikuwa nalazimika kuripoti. Ukiniambia saa nane za usiku kwamba unatamani kulala usiamke, nitakaa nawe hadi msaada upatikane, lakini asubuhi maneno yako yatakuwa kwenye mfumo. Wanafunzi wengi hawajui hilo, wanamwona mlezi ni rafiki wa ghorofani tu. Anayefungwa na usiri wa kitabibu ni daktari na mshauri nasaha, na hata kwao usiri una mpaka. Mpaka huo ulipata nguvu mwaka 1976, Mahakama ya Juu ya California ilipoamua kesi ya Tarasoff: msichana aliuawa 1969 na mtu ambaye alikuwa ameshamweleza mtaalamu wake wa saikolojia kwamba atamuua. Mtaalamu akijua kuna mtu yuko hatarini, ana wajibu wa kuchukua hatua.

Sasa sheria inasemaje? Ziko mbili za kuzikumbuka. Ya kwanza ni Kifungu cha 504 cha Sheria ya Urekebishaji ya 1973, inayogusa kila chuo kinachopokea fedha za serikali kuu. Ya pili ni ADA, sheria ya watu wenye ulemavu ya 1990. Sonona kali inaweza kuhesabiwa ulemavu chini ya sheria hizo, na maana yake chuo hakiwezi kukuondoa kwa hofu au kwa dhana. Kinapaswa kukutazama wewe binafsi, kwa ushahidi wa kitaalamu, na kutafuta kwanza marekebisho yanayowezekana: kupunguza masomo, kusogeza mtihani, kubadilisha chumba. Kisha kanuni za ADA zilizoanza kutumika Machi 2011 kwa taasisi za umma zilieleza kwamba "tishio la moja kwa moja" ni tishio kwa watu wengine. Hatari kwa nafsi yako mwenyewe haimo katika maelezo hayo. Hapo ndipo vyuo vikaanza kutafuta maneno mengine, kama vile "anavuruga mazingira ya masomo" au "hawezi kutimiza masharti ya programu". Ukiyaona maneno hayo kwenye barua yako, soma mara mbili.

Kisa kilichoniuma kuliko vyote ni cha Northern Michigan University. Chuo kile kilikuwa na desturi ya kuwaandikia wanafunzi waliojulikana kuwa na mawazo ya kujidhuru, kikiwaonya wasiyazungumze na wanafunzi wenzao, la sivyo wangechukuliwa hatua za nidhamu. Fikirini kijana ana miaka 19, yuko mbali na kwao, barafu hadi madirishani, mtu pekee anayemwamini ni yule wa kitanda cha pili, na chuo kinamwambia kumweleza huyo ni kosa. Sababu iliyotolewa ni kwamba wenzake wanalemewa. Wizara ya Sheria ya Marekani iliingilia, na Oktoba 2018 chuo kilikubali kubadilisha sera na kuwalipa wanafunzi wanne jumla ya dola 173,500.

Brown University nayo ilikutwa na wizara hiyohiyo. Wanafunzi waliokuwa wamechukua likizo kwa sababu za afya ya akili walinyimwa nafasi ya kurudi, wakati madaktari wao walikuwa wamesema wako tayari. Agosti 2021 chuo kilikubali kutoa dola 684,000 kuwafidia. Yale ndiyo iliyosikika zaidi. Huko mwanafunzi aliyeondoka kwa ugonjwa alihesabiwa amejitoa, na kurudi ilibidi aombe upya. Januari 2015 mwanafunzi alifariki akiwa ameandika kuhusu hofu yake ya kutoruhusiwa kurudi. Machi 2021 akafariki mwingine, wa mwaka wa kwanza, na wenzake wakaunda kikundi cha Elis for Rachael, ambacho Novemba 2022, kikishirikiana na wanafunzi wawili, kilikishtaki chuo. Januari 2023 Yale ikabadilisha utaratibu: mgonjwa achukue likizo badala ya kujitoa, na aweze kubaki na bima. Agosti mwaka huo wakasaini makubaliano, na ndani yake mwanafunzi mwenye hali nzito ya kiafya anaweza kuomba kusoma kwa mzigo mdogo, jambo ambalo zamani halikuwepo.

Msimamo wangu ni huu. Kuna watu wanaohitaji likizo, na likizo imewaponya wengi. Kuna hali ambapo kukaa bwenini kunamuua mtu taratibu na kurudi kwa mama yake kunampa pumzi. Siipingi. Ninachopinga ni likizo inayotolewa kama adhabu yenye jina zuri, inayotolewa ndani ya saa 24, bila daktari wa mwanafunzi kusikilizwa. Kila anayeondolewa hivyo, bweni zima linajifunza. Wiki mbili baadaye anayefuata kuugua anakaa kimya, na kamati inaandika kwamba ripoti zimepungua.

Karibuni kwa maswali.

Mama wa Njiro

Asante sana mwanangu kwa uzi huu. Binti yangu yuko mwaka wa pili huko, sitataja chuo. Tangu Novemba anajibu meseji kwa neno moja moja. Nilipiga simu chuoni kuuliza hali yake, wakanijibu hawawezi kunieleza lolote kwa sababu ni mtu mzima. Mimi ndiye ninayelipa ada. Hivi kweli mzazi hana haki?

Mwanzisha uzi

Shikamoo mama. Pole sana kwa wasiwasi huo.

Walichokujibu kinatokana na sheria ya FERPA ya 1974. Mwanafunzi wa chuo kumbukumbu zake ni zake, hata kama ada unalipa wewe. Lakini sheria hiyohiyo inaruhusu chuo kuwaambia wazazi panapokuwa na dharura ya afya au usalama, na baada ya Virginia Tech kanuni zilirekebishwa mwaka 2008 ili maofisa wasijifiche nyuma ya usiri mtu akiwa hatarini. Inaruhusu tu, mama, haiwalazimishi.

Kuna mambo mawili ya kufanya. Kwanza, sheria inayowazuia kukupa taarifa haiwazuii kupokea taarifa zako. Piga tena, omba ofisi ya mshauri wa wanafunzi, useme: "Sihitaji mnijibu, nataka mjue kwamba binti yangu amebadilika hivi na hivi, naomba mtu amwone." Ukisema hofu yako ni maisha yake, watamtuma mtu akagonge mlango wake. Pili, muda wa utulivu ukipatikana, mwombe binti mwenyewe asaini fomu ya kukuruhusu. Vyuo vingi wanayo. Mwambie ni kwa ajili ya siku atakayoumwa, hutaitumia kuchungulia matokeo. Na tafadhali usianze na ada, mama. Vijana wengi wananyamaza kwa sababu wanajua mmeuza nini ili wafike huku.

Kibaha Kwetu

Mkuu nimekusoma lakini sikubaliani na wewe sehemu moja. Umewazungumzia sana wagonjwa, na wale wengine je? Mimi niliishi chumba kimoja na jamaa wa namna hiyo hapahapa Bongo. Usiku nalala jicho moja, nahesabu pumzi zake. Semesta ile nilipata sapu mbili, mitihani ya kurudia. Chuo kikimwondoa ili wengine wasome, kosa liko wapi?

Mwanzisha uzi

Mkuu, hoja yako ni nzito na sitaipita juujuu. Ulibebeshwa mzigo usio wako. Mtu wa miaka 20 hapaswi kuwa muuguzi wa zamu ya usiku, na sapu zako mbili ni sehemu ya madhara ya mfumo uleule.

Lakini angalia nani alikubebesha. Chuo kilikuwa na njia kadhaa: kumpa mwenzako chumba kingine karibu na mlezi, kukupa wewe chumba kingine, kumpatia mtaalamu mara kwa mara, kukupa na wewe mtu wa kuzungumza naye. Kilipoacha zote hizo, zikabaki mbili, ama wewe uteseke au yeye afukuzwe, kisha nyinyi wawili mkaonekana ndio wenye ugomvi. Kama mtu ametishia kumdhuru mwenzake, hapo naungana nawe bila kusita, aondolewe leo. Huyo anashughulikiwa kwa njia ya tishio. Mwenye sonona mara nyingi hatari yake iko kwake mwenyewe, na anapoondolewa chuoni hatari haibaki getini, anakwenda nayo mahali ambapo hakuna mtu wa kuhesabu pumzi zake.

Wakili Mdogo, Nairobi

Hapa kwetu wacha niongeze jambo. Watu wengi waliogopa kusema kwa sababu kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo hadi miaka miwili. Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Waliopeleka kesi ni pamoja na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na chama cha madaktari wa akili. Kwa hivyo mwanafunzi wa Kenya anayesoma uzi huu asiogope kwamba akikimbizwa hospitali atatoka huko na pingu. Anayehitaji kuzungumza anaweza kupiga 1199, laini ya Msalaba Mwekundu, haina malipo.

Swali langu kwako ndugu: Uingereza je? Mahakama zetu hupenda kuangalia huko.

Mwanzisha uzi

Asante sana wakili, nyongeza yako ni ya maana. Kwetu Tanzania kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinakitaja kitendo hicho kuwa kosa, na hilo peke yake linatosha kumfanya mwanafunzi amwombe rafiki asimpeleke hospitali. Natamani wabunge wetu wausome uamuzi wa Jaji Mugambi.

Uingereza kesi ya kuifuatilia ni ya Natasha Abrahart, mwanafunzi wa fizikia wa mwaka wa pili, University of Bristol. Alikuwa na hofu kali ya kuzungumza mbele za watu. Walimu walijua. Sehemu ya alama zake zilitegemea mahojiano ya mdomo baada ya majaribio ya maabara, na alikuwa anapoteza alama kwa sababu hakuweza kujibu. Alifariki tarehe 30 Aprili 2018, siku ambayo alitakiwa kushiriki kutoa mada kwenye ukumbi wa watu 329. Mei 2022 mahakama iliamua kwamba chuo kilivunja Sheria ya Usawa ya 2010 kwa kutomfanyia marekebisho, na wazazi wakapewa pauni 50,518. Chuo kilikata rufaa, na Februari 2024 Mahakama Kuu ikaukubali uamuzi wa kwanza.

Ninachokipenda katika kesi hiyo ni mahali ilipogusa. Haikuhusu bweni wala polisi wa chuo. Ilihusu namna ya kupima mwanafunzi. Mtu anaweza kujua fizikia na asiweze kuieleza akiwa amesimama mbele ya watu, basi mpime kwa maandishi. Chuo kilidai kwamba utaratibu wa kumtambua rasmi ulikuwa haujakamilika, na jibu la mahakama, kwa ufupi, ni kwamba ukishaona mtu anazama usingoje fomu. Tanzania tunayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010. Sijaona mwanafunzi wetu akiitumia kwa ajili ya sonona, na ningependa kuona.

Mwaka wa Tatu

Mkuu mimi niko chuo cha hapa nyumbani. Naombeni ushauri, msinishambulie. Kuna siku sitoki kitandani hadi jioni. Nina karia moja (somo la kurudia), nikishindwa hii semesta nadisko, yaani naondolewa chuo. Nataka kwenda kwa mshauri wa wanafunzi lakini naogopa ataniambia niahirishe mwaka, na nikiahirisha sijui mkopo utakuwaje, na nyumbani watasema nimefukuzwa.

Mwanzisha uzi

Mdogo wangu, hakuna atakayekushambulia hapa. Umefanya vizuri kuandika.

Anza na hospitali kabla ya ofisi. Zahanati ya chuo wakupe rufaa ya kwenda kitengo cha afya ya akili. Hospitali nyingi za rufaa za mikoa wanacho, ukiwa Dar kuna Muhimbili, ukiwa Dodoma kuna Mirembe. Kuna sababu ya mpangilio huo. Ukienda ofisini mikono mitupu, wewe ni mwanafunzi mwenye karia anayeomba huruma. Ukienda na maandishi ya daktari, wewe ni mgonjwa mwenye matibabu yanayoendelea, na mazungumzo yanabadilika.

Ukifika, usiulize "nifanyeje?" kwa sababu jibu jepesi kwao ni "ahirisha". Omba kitu mahususi: kusogezewa jaribio fulani, kufanya mtihani huo katika kipindi cha mitihani maalumu, kuhama chumba. Kama mwishowe daktari mwenyewe anasema upumzike, basi kabla hujasaini barua ya kuahirisha nenda kwa afisa mikopo wa chuo, akwambie kwa maandishi mkopo wako utasimamaje na utaanza tena lini, na uhakikishe barua inasema sababu ni ugonjwa na inataja tarehe ya kurudi. Kuahirisha kwa ugonjwa hakuko sawa na kudisko. Nyumbani hilo wanaweza kuelezwa, na kama unaona vigumu, mchague mmoja, shangazi au kaka, amweleze mzee kwa niaba yako.

Nikuulize waziwazi, kwa sababu kuuliza hakumpandikizii mtu wazo: unapata mawazo ya kujiua? Kama ndiyo, mambo ya karia tutayazungumza kesho. Leo mwite mtu mmoja akae nawe, aende nawe hospitali. Niandikie faragha muda wowote.

Mwaka wa Tatu

Yanakuja yanaondoka mkuu. Nimempigia dada yangu, anakuja kesho asubuhi kunichukua twende.

Mama wa Njiro

Mwanangu wa Mwaka wa Tatu, usiku wa leo usilale peke yako. Nenda kwa rafiki, au mwite aje. Nimekuandikia namba yangu faragha, nipigie hata saa nane.

Mtu wa Houston

Mkuu, kuna suala hujaligusa na kwetu wengine ndilo kubwa kuliko yote. Viza. Mimi niko F-1, viza ya mwanafunzi wa nje. Chuo wameniambia "chukua likizo, utarudi ukipona". Wanasema kirahisi kama mimi ni wa hapa. Nikitoka nitarudi kweli?

Mwanzisha uzi

Umenikumbusha jambo ambalo lilipaswa kuwa juu kabisa. Soma taratibu.

Kanuni za uhamiaji zinamruhusu mwanafunzi wa F-1 kupunguza masomo kwa sababu ya ugonjwa, hata kufikia kutosoma kabisa, na kubaki na hadhi yake akitibiwa hukohuko Marekani. Ukomo ni jumla ya miezi 12 kwa kila ngazi ya shahada. Unahitaji barua ya daktari au mwanasaikolojia tiba mwenye leseni, na inaombwa upya kila muhula. Sharti kubwa ni kwamba afisa wa wanafunzi wa kimataifa aidhinishe *kabla* hujaacha masomo. Ukiacha kwanza ndipo uombe, umevunja hadhi.

Njia ya pili ni kuondoka nchini kwa ruhusa. Hapo kumbukumbu yako ya uhamiaji inafungwa na una siku 15 za kuondoka. Ukikaa nje zaidi ya miezi mitano, kwa kawaida unahitaji I-20 mpya (hati ya chuo ya kuombea viza), na huenda ukalazimika kurudi ubalozini kuomba viza upya.

Tatizo ni kwamba ofisi inayokupa karatasi ya likizo mara nyingi siyo ofisi ya kimataifa, na wawili hao hawazungumzi. Mtu wa ofisi ya wanafunzi anakwambia likizo kwa nia njema kabisa, hajui kwamba kwako wewe neno hilo lina tarehe ya ndege ndani yake. Kwa hiyo usisaini chochote hadi umekaa na afisa wa kimataifa. Muulize kwanza bima: ukiwa likizo inaendelea au inakatika? Usije ukaambiwa ukatibiwe huku umenyang'anywa cha kulipia matibabu. Uliza pia ada ya muhula huu inarudi kiasi gani, utakaa wapi kama bweni linafungwa, na kurudi kunahitaji nini hasa. Omba kila jibu kwa barua pepe. Ukihisi unasukumwa, mwambie: "Naomba tathmini ya mtu binafsi na marekebisho kwa mujibu wa Kifungu cha 504." Kila chuo kina mtu anayehusika na kifungu hicho, na wakiyasikia maneno hayo mwendo hubadilika. Pasipobadilika, malalamiko yanapelekwa Ofisi ya Haki za Kiraia ya Wizara ya Elimu, bila malipo na bila kuhitaji wakili.

Kibaha Kwetu

Nimerudi. Baada ya kusoma swali la yule dogo nimefikiria sana. Sasa niambie mkuu, mtu wa chumba kimoja akikwambia maneno hayo, anaripoti au haripoti? Maana kwa ulivyoeleza hapo juu, kuripoti ni kama kumchongea.

Mwanzisha uzi

Anaripoti, mkuu. Nisingependa mtu yeyote atoke kwenye uzi huu akiamini kunyamaza ni urafiki. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Massachusetts, katika kesi nyingine ya MIT, ilisema chuo kinakuwa na wajibu wa kuchukua hatua pale tu kinapojua kwa hakika kwamba mwanafunzi amejaribu kujiua akiwa chuoni au muda mfupi kabla ya kujiunga, au ameeleza mpango au nia yake. Kama hakuna aliyewaambia, hawana wajibu.

Ila kuna namna ya kuripoti. Kaa naye kwanza, umuulize moja kwa moja kama anafikiria kujiua. Mwambie humwachi, na kwamba utamwita mtu wa kusaidia, asije akagundua baadaye kwa mshtuko. Mkiwa Marekani pigeni 988, laini ya msaada wa kujiua, mkiwa pamoja, usiku na mchana wanapokea. Hatari ikiwa ya sasa hivi, piga dharura na ubaki hapo. Mkiweza kufika wenyewe kwa mshauri nasaha, mpeleke, kwa sababu yeye akianzia huko anaingia kama mgonjwa anayetafuta tiba. Na utakapoandika ripoti, andika ulichosikia na ulichoona: "Saa nne usiku aliniambia hivi, nikamuuliza hivi, akanijibu hivi, ameniruhusu niwaite." Usiandike "ni hatari kwa bweni". Hukumu hiyo ikiingia kwenye karatasi ndiyo kamati itakayoanza nayo asubuhi, na yeye atakuwa bado hajafungua mdomo.